Kwa Nini Kigali Iwe Karibu Kuliko Tanga?

Bibi mmoja wa Vanga alipata habari ya msiba alfajiri, kabla hajaondoka kwenye msala wake. Nduguye mdogo, wa baba mmoja mama mmoja, alikuwa amefariki usiku ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanga, na maziko yalikuwa yamewekwa baada ya sala ya adhuhuri. Toka nyumbani kwake hadi kwenye msiba si safari ya kufungia mizigo. Bibi akavaa buibui lake, akatia kitambulisho chake cha Kenya katika mkoba, akafuatana na mwanawe hadi mpakani. Hapo akaulizwa pasi ya kusafiria. Pasi hana, wala hajapata kuwa nayo maisha yake yote. Akaelekezwa akaombe hati ya muda, na siku hiyo mtandao ulikuwa umelala. Hati ilipotoka jua lilikuwa limekwisha pinduka. Alipofika kwa nduguye aliwakuta wanaume wamekwisha rudi makaburini, mikono yao bado ina udongo.

Hatumlaumu afisa aliyemzuia. Yeye alifuata sheria aliyopewa, tena twaambiwa alimtafutia bibi kiti akae kivulini. Tunaloliuliza ni kuhusu sheria yenyewe, maana bibi huyu alitoka katika nchi mojawapo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki akaingia nchi nyingine ya Jumuiya hiyo hiyo, na baina ya nchi mbili hizo viza haitakiwi.

Tumeanza na kisa hiki kwa kuwa mengi yamesemwa juu ya viza katika miaka hii, na aghalabu yamesemwa kwa furaha. Januari 2024 Kenya iliondoa viza kwa wageni wa dunia nzima, ikaweka mahali pake kibali cha kuombwa kwa mtandao, cha dola 30. Wengi walinung'unika, na kwa haki, kwamba Waafrika ambao zamani waliingia bure sasa walikuwa wanalipishwa kwa jina jipya. Malalamiko yalisikika. Julai 2025 karibu Waafrika wote, pamoja na watu wa visiwa vya Karibiani, walisamehewa hata kibali hicho. Mwafrika aruhusiwa kukaa miezi miwili, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki miezi sita. Nchi za Afrika zilizoachwa nje ya msamaha huo ni mbili tu, Somalia na Libya.

Sisi wa pwani hatuna budi kushukuru. Msikiti wa Riyadha uliasisiwa na Habib Swaleh, ambaye mwenyewe alikuja Lamu kutoka Ngazija katika karne ya kumi na tisa bila ya mtu kumwuliza karatasi. Leo Mngazija anayetaka kuja kwenye Maulidi ya Lamu, kumzuru huyo mwana wa kwao, aweza kukata tiketi na kuja. Hilo si jambo dogo.

Lakini ni vyema msomaji afahamu neno hili "bila viza" lina maana gani, kwani wengi wamelielewa kuwa ni mlango ulioachwa wazi, na si hivyo. Viza ni ruhusa inayoombwa kabla ya safari. Nchi mbili zinapokubaliana kuiondoa, au nchi moja ikiamua peke yake kuwaondolea wageni, kinachoondoka ni lile ombi la kwanza tu. Pasi yabaki. Muhuri wa mpakani wabaki, na siku zahesabiwa tangu muhuri kugongwa. Afisa bado ana uwezo wa kumrudisha mtu. Anayeingia kwa njia hii haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara, na akipitisha siku zake huwa mkosaji kama mkosaji mwingine yeyote. Zaidi ya hayo, mapatano ya namna hii kwa kawaida ni ya nipe nikupe. Serikali hutazama watu wake wamefunguliwa nini upande wa pili, nayo hufungua kwa kadiri hiyo. Mkono mtupu haulambwi, hata katika mambo ya mabalozi.

Basi kwa mtu wa Vanga ambaye hana pasi, kuondolewa viza hakukumpa kitu. Hakukuwako viza ya kwenda Tanga tangu hapo. Kilichomzuia ni pasi.

Na hapa ndipo penye ajabu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kufanya kazi Julai 2010, ina kifungu kinachosema kwamba nchi wanachama zitakazokubaliana kutumia vitambulisho vya taifa badala ya pasi zaweza kufanya hivyo. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana, na tangu Januari 2014 Mkenya amekuwa akiingia Kampala na Kigali kwa kitambulisho. Tanzania haikuingia katika mapatano yale. Ni haki yake, maana kifungu chenyewe kimeacha hiari. Lakini tazama matokeo yake kwa mtu wa kwetu. Kwa kile kitambulisho alichokuwa nacho mkobani, bibi yule angaliweza kuipita Nairobi, akaipita Uganda yote, akaingia Rwanda ambako hana mjomba wala shangazi, asiulizwe zaidi. Tanga, ambayo toka Vanga haitimu kilomita 100, hakuweza.

Mapatano haya huandikwa na watu wa miji mikuu, na mtu wa mji mkuu akisema "jirani" humaanisha mji mkuu mwingine. Hatusemi hivyo kwa kejeli. Mfanyabiashara wa Nairobi kweli ana haja na Kampala kila wiki. Bali ujirani wa pwani hauendi bara, wenda kaskazini na kusini, kufuata ufuo na misimu ya kusi na kaskazi. Mstari uliopita kando ya Vanga ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wakiuanzia katika mlango wa mto Umba. Wadigo wakawa huku na huku, Wavumba vile vile. Januari 1915 wazungu hao hao walipigania Jasini, ng'ambo ya pili tu, wakafa mamia, nao wenyeji wakabaki kuoana kama walivyokuwa wakioana.

Wazee watakumbuka jinsi mambo yalivyozidi kuwa mazito tarehe 4 Februari 1977, Tanzania ilipoufunga mpaka wakati ile Jumuiya ya kwanza ilipokuwa ikivunjika. Ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983. Miaka ile zaidi ya sita haikuwafanya watu wa Vanga na Jasini kuwa wageni. Iliwafanya wapite njia za mikoko usiku kwenda kumwoa binti ya ami au kumzika baba. Hilo ndilo tunaloomba wakubwa walitie akilini, kwamba undugu ukizibiwa njia ya halali hutafuta njia nyingine.

Mfano mkubwa na wa kuhuzunisha zaidi uko Komoro. Hadi Januari 1995 mtu wa Anjouan, au Nzwani kama wenyewe waitavyo, alikuwa akivuka kwenda Mayotte kuuza, kutibiwa, kuoa na kuzika, ijapokuwa Mayotte ilikuwa imebaki mikononi mwa Ufaransa visiwa vingine vitatu vilipojitawala mwaka 1975. Ndipo serikali ya Balladur kule Paris ikaweka viza. Baina ya visiwa viwili hivi pana kilomita 70 hivi za bahari. Watu hawakuacha kuvuka. Walivuka usiku katika mashua zile ndogo zinazoitwa kwasa-kwasa, zimejazwa kupita kiasi, na ripoti ya Baraza la Seneti la Ufaransa lenyewe, ya mwaka 2012, ilikadiria kwamba waliokufa maji tangu viza kuwekwa walikuwa baina ya 7,000 na 10,000. Wengi wao hawana kaburi. Kwa sisi ambao shemeji zetu ni Wangazija, idadi hiyo si hesabu ya gazetini tu.

Vanga haijafika huko, na twamwomba Mungu isifike. Lakini je, upande wa kaskazini?

Tumesema Somalia iliachwa nje ya msamaha wa 2025. Nchi hiyo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Machi 2024, hivyo ni mwanachama ambaye raia wake bado wabisha hodi. Sababu yajulikana na hatuipuuzi. Watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa habari za Al-Shabaab, kwani Mpeketoni ya Juni 2014 iko katika kaunti yao. Mei 2023 serikali mbili zilipotangaza kwamba mipaka itafunguliwa hatua kwa hatua, mashambulizi yalifuata, na Julai mwaka huo shughuli ikaahirishwa. Serikali inayowalinda watu wake haiwezi kulaumiwa kwa kulinda.

Ila tukumbuke ni nani walioko nyuma ya neno "Somalia" kwetu sisi. Kismayu yenyewe ilikuwa ndani ya Kenya ya Waingereza hadi 1925, ilipokabidhiwa Italia. Wabajuni wa Kiunga na Faza ni koo moja na Wabajuni wa Chula na Koyama. Barawa ni mji ambao watu wake wasema Chimwini, Kiswahili cha kale ambacho mtu wa Lamu akisikiliza kwa utulivu hulifahamu shina lake. Ndiko alikotoka Sheikh Uways, aliyefariki 1909 na ambaye wafuasi wake wa Kadiria walienea pwani nzima hadi Unguja. Ndiko alikotoka Dada Masiti, mwanamke mtunzi wa tenzi za dini. Watu hawa, wengi wao wamekimbia vita tangu 1991, wamewekwa katika kapu moja na wale waliowakimbia. Mwenye nia mbaya haombi kibali wala hapangi safu penye muhuri. Anayepanga safu ni mzee wa Barawa anayetaka kuhudhuria arusi ya mjukuu wake Mombasa.

Kuna njia ya katikati, na imejaribiwa mbali na kwetu. Baina ya Australia na Papua New Guinea pana mlango wa bahari uitwao Torres, na pale penye wembamba kisiwa cha Saibai cha Australia kiko kilomita nne hivi kutoka ufuo wa pili. Nchi moja ni tajiri mno na kali mno kwa wageni, ya pili ni maskini. Hata hivyo zilitia saini mkataba Desemba 1978, ukaanza kutumika 1985, unaowaruhusu wenyeji wa visiwa vile na wa vijiji vya pwani vilivyotajwa kwa majina kuvuka bila pasi na bila viza. Wavuka kwa mambo ya jadi yao, yaani kuvua samaki wa kula, kubadilishana vitu, arusi, na maziko. Mgeni huja na karatasi iliyotiwa saini na mkubwa wa kijiji chake. Kufanya kazi ya mshahara haruhusiwi, wala kupita eneo lililowekwa. Asiyekuwa mwenyeji wa vijiji vile hana haki hiyo, hata akiwa raia wa nchi ile ile.

Twauona mkataba huu una hekima kuliko mengi yaliyoandikwa kwetu. Haukuvunja mpaka. Haukusema kila mtu apite. Ulikubali tu kwamba kijiji chaweza kuwa na ndugu ambao mji mkuu hauna, na ya kwamba mkubwa wa kijiji amjua mtu wake kuliko mtambo wowote.

Kwa nini Kenya na Tanzania zisikae zikaandika mapatano kama hayo kwa Vanga, Jimbo, Jasini na vijiji vya jirani? Wala hayahitaji kungoja Jumuiya nzima ikubaliane. Barua ya chifu na mwenyekiti wa kijiji, kitambulisho cha taifa, siku saba za kukaa, na daftari mpakani la kuandika aliyeingia na aliyetoka. Likifaulu huko kwa miaka michache, wakubwa wa usalama watakuwa na kitu cha kutazama wanapofikiria Kiunga na Ras Kiamboni, wakati utakapofaa. Wabunge wetu wa Kwale na Lamu, ambao hutukumbuka sana wakati wa kampeni, wangeweza kuanza kwa kuuliza swali hilo Bungeni.

Jambo hili lina haraka kwa Waislamu kuliko kwa wengine, na hatuoni haya kulisema. Dini yetu yatuhimiza tuharakishe jeneza. Mwenzetu wa dini nyingine aweza kuweka maiti hospitalini wiki mbili, akaomba pasi kwa utulivu, akafika kwa maziko. Sisi aliyekufa usiku huzikwa adhuhuri, na karatasi inayotoka alasiri haina kazi tena. Sheria yaweza kuwa moja kwa wote na bado ikawaumiza wengine zaidi.

Bibi wa Vanga amekwisha omba pasi, ili safari nyingine isimkute mikono mitupu. Ameambiwa alete cheti cha kuzaliwa. Alizaliwa nyumbani, na mkunga aliyempokea alikuwa shangazi yake, ambaye amezikwa Jasini.