Niacheni na Mawe Yangu

Wasee, tuongee. Kiangazi Mto Athi ukishuka pale Fourteen Falls, huku Thika, mimi huenda kusimamisha mawe, moja juu ya lingine. Na lazima mtu aniulize: "Sasa hiyo inakulipa?" Hainilipi. Nyinyi mnaobeti kwa matatu kutoka Ruiru mpaka Githurai, nani huwauliza hilo swali?

Skizeni. Hakuna gundi hapo. Jiwe hushikwa na vinundu vitatu vidogo chini yake, kama sufuria juu ya mafiga, na uzito lazima ukae katikati ya hivyo vitatu. Huvioni. Unavitafuta na vidole, polepole, simu ikiwa mfukoni. Nusu saa nzima hufikirii kodi ya nyumba. Halafu ghafla linatulia, unatoa mkono, na unasikia maporomoko upya kama ndio umefika.

"Enda utafute kazi." Natafuta, buda, tangu niache chuo. Jumapili naitafuta kwa nani? Kinachowakera ni raha ambayo hamwezi kuniuzia (kiingilio cha getini kando). Mngesema nirudishe mawe kwa sababu kuna wadudu wanaishi chini yake, hiyo ingekuwa hoja. Na huwa nayarudisha.