Kiswahili Darasani: Tuache Amri, Tuanze Kusemezana



Katika shule moja ya sekondari hapa Uganda tuliingia darasa la kidato cha pili wakati wa kipindi cha Kiswahili. Binti mmoja alisimamishwa mbele yetu akaambiwa ataje ngeli za majina. Alizitaja zote, tangu A-WA hadi ya mwisho, pasipo kukosea, na wenzake wakampigia makofi. Kipindi kilipokwisha tulimwendea binti yule yule tukamwuliza njia ya kwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Alitabasamu, akatazama chini, kisha akatutangulia mpaka mlangoni. Hakutamka neno.

Adabu yake ilikuwa kamili. Kilichokosekana ni Kiswahili. Hatuyasemi haya ili kumcheka yeye wala mwalimu wake, kwani wengi wetu tumefundisha vivyo hivyo kwa miaka mingi. Twayasema kwa sababu yafaa sasa tukiri kwamba kosa ni la njia tunayoitumia, wala si la watoto.

Deni la historia

Kila mwalimu wa Kiswahili nchini humu anajua kwamba hafundishi lugha isiyo na kumbukumbu. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipotaka Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi, kilipingwa vikali, hasa katika Buganda. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini raia wengi walikisikia zaidi kinywani mwa askari kuliko kinywani mwa mwalimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maneno mawili tu, "panda gari", yalikuwa jina la misako ya kijeshi iliyozoa watu katika Kampala na maeneo ya jirani. Wako waliopanda wasirudi. Mzee aliyepitia siku zile hahitaji mwalimu wa kumfunza namna ya kuamrisha kwa Kiswahili.

Katika sheria mambo yamebadilika. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika vidato viwili vya mwanzo. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Haya yote ni mema, nasi tunayashukuru.

Lakini hebu tusikilize Kiswahili kinachosemwa katika madarasa yetu ya kati, tangu darasa la tano la msingi hadi kidato cha pili. "Simameni! Kaeni! Fungueni madaftari! Nyamazeni! Nakilini!" Mwalimu huamuru na mwanafunzi hutii. Hapati nafasi ya kuuliza, kukataa, kuomba apunguziwe bei, wala kumshawishi mwenziwe. Kiswahili alichokichukia babu yake kambini ndicho anachokisikia mjukuu darasani, isipokuwa bunduki imebadilishwa ikawa chaki. Je, tutashangaa akikiacha pale pale getini?

Kazi ni nini?

Njia tunayoitetea ni kufundisha lugha kwa kazi. Kwa kazi hatukusudii zoezi la kujaza nafasi. Twakusudia shughuli yenye shabaha nje ya lugha yenyewe: kuna jambo la kutafutwa, kuamuliwa au kutatuliwa, na haliwezekani mpaka watu wasemezane. Zoezi huisha mwalimu atiapo alama ya vema. Kazi huisha jambo lenyewe litimiapo.

Wapo wasemao kwamba huu ni mtindo wa shule tajiri za Ulaya. La hasha! Mojawapo ya majaribio yake makubwa ya awali lilifanyika kusini mwa Uhindi kati ya mwaka 1979 na 1984, chini ya N. S. Prabhu, katika shule za kawaida zilizofundisha Kiingereza. Prabhu alipanga kazi za aina tatu: za kupashana habari ambazo mmoja anazo na mwingine hana, za kufikiri na kukokotoa, na za kutoa maoni. Ratiba za safari, ramani na hesabu ndizo zilizokuwa vitabu vyake. Baadaye, mwaka 1996, Jane Willis alieleza utaratibu ambao mwalimu wetu yeyote anaweza kuufuata: kwanza maandalizi, kisha kazi yenyewe, matayarisho ya taarifa na taarifa mbele ya darasa, mwishowe uchunguzi wa lugha iliyotumika.

Tutoe mfano tulioujaribu wenyewe. Wanafunzi wawili wawili wanapewa karatasi. Mmoja ni mnunuzi mwenye shilingi 30,000, naye anapaswa kuwalisha watu sita kwa siku moja; mmoja wao hali nyama. Mwingine ni muuzaji mwenye orodha ya bei ambayo mnunuzi haioni. Hapo mtoto analazimika kuuliza "bei gani", "zimebaki ngapi", "huwezi kupunguza?" Anafikia hata kusema, "Tungenunua nyama, fedha zisingetosha," kwa kuwa fedha kweli hazitoshi, wala si kwa kuwa leo ni siku ya -NGE-. Kila jozi hutayarisha taarifa na kuisoma, na darasa zima huamua ni nani aliyetumia fedha vizuri zaidi. Tuliwahi kuona ubishi uliowafuata watoto mpaka uwanjani, na ubishi huo ulikuwa kwa Kiswahili.

Je, tunaitupa sarufi?

Hapa twatofautiana na wale walioshika kazi wakaitupa sarufi, wakidhani kelele za darasa ndizo maarifa. Hao nao wanakosea. Mtoto aliyesema "viazi imekwisha" ameeleweka sokoni, lakini mwalimu anayemwacha abaki hapo hajamfundisha. Sarufi ina mahali pake, napo ni baada ya kazi, wakati mwanafunzi ana sentensi yake mwenyewe mkononi na anataka kujua kama imesimama.

Tazameni inavyokuwa rahisi wakati huo. Mtoto wa Kiganda husema nyumbani "ebintu biwedde". Mwandikie ubaoni, na chini yake uandike "vitu vimekwisha". Kisha mwulize kwa nini hapo nyumbani hasemi ovyo. Ataona kwamba kanuni anayo tayari: omuntu na abantu ni ndugu wa mtu na watu, omuti na emiti ni ndugu wa mti na miti. Kumkaririsha jedwali zima mwezi wa kwanza ni kumwuzia maji mtu aishiye kando ya Nyanza. Mtoto wa Kiacholi au wa Kiteso, ambaye lugha ya kwao haina mpango huo, anahitaji msaada mrefu zaidi. Lakini naye hasaidiwi na jedwali tupu. Anasaidiwa kwa kusikia na kusema "viazi vimekwisha" mara nyingi, mahali ambapo viazi vina maana.

Pingamizi tunazozisikia

Kwanza, twaambiwa madarasa yamejaa mno. Ni kweli, nasi hatuifichi shida hiyo. Hata hivyo Prabhu mwenyewe hakutegemea makundi. Alianza kwa kufanya kazi na darasa zima kwa maswali na majibu, kisha akampa kila mwanafunzi kazi inayofanana na ile afanye peke yake. Ratiba moja ya basi la Kampala hadi Nairobi kupitia Busia, iliyoandikwa ubaoni, yatosha watoto themanini.

Pili, twaambiwa wakiachwa watasemezana kwa Kiganda au Kiingereza. Baadhi yao watafanya hivyo, hasa mwanzoni. Lakini taarifa ya mwisho husemwa kwa Kiswahili mbele ya wote, na ajuaye kwamba zamu yake inakuja huanza kutafuta maneno mapema. Wala tusiifanye lugha ya mama kuwa kosa la kuadhibiwa. Hatutaki kuongeza chuki mpya juu ya ile ya zamani.

Tatu, twaambiwa mtihani hauulizi kazi. Hoja hii ilikuwa na nguvu zaidi zamani. Tangu watahiniwa wa kwanza wa mtaala mpya walipofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, alama 20 katika kila 100 hutokana na tathmini ya shuleni. Alama hizo zimo mikononi mwetu. Tukizijaza kwa "taja ngeli tatu", tusiilaumu Wizara.

Nne, na hili husemwa kwa sauti ya chini: mwalimu mwenyewe hajiamini kuzungumza. Jedwali humlinda, kwa kuwa jedwali haliulizi swali asilolitarajia. Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, wala dawa yake si kumwaibisha mtu. Dawa ni walimu wa Kiswahili wa shule jirani kukutana na kuzifanya kazi hizo wao kwa wao kabla ya kuzipeleka darasani, wakikosea na kusahihishana. Tumefanya hivyo, na tumegundua kwamba nasi tulikuwa na kiu ya kuzungumza.

Tunachotaka

Twaviomba vyuo vya ualimu vimpime mwalimu mwanafunzi kwa kazi aliyoiendesha darasani, si kwa maelezo aliyoandika juu ya kazi. Twawaomba watungaji wa vitabu waanze sura kwa tatizo la kutatuliwa, jedwali lifuate nyuma. Nasi wenyewe, wanachama, tuahidiane jambo dogo: kila wiki, walau kipindi kimoja, mwanafunzi awe ndiye mwenye swali na mwalimu awe msikilizaji.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, walisema wahenga. Nasi tumewanyima watoto wetu hata maneno ya kuulizia. Watu wa nchi hii wamekwisha kuamrishwa kwa Kiswahili vya kutosha. Sasa watoto wao na waulize kwa Kiswahili, wabishane, wakubaliane, na mgeni akipotea njia wamwelekeze kwa kinywa chao wenyewe.