Mahabusu Hana Mtani

Mji wa Tabora, ambao wenye misafara waliuita Kaze, na ambao habari zake zilienea Bagamoyo na Ujiji miaka mingi kabla ya reli kuufikia mwaka 1912, haukuwa hata siku moja mji wa wenyeji peke yao. Mnyamwezi aliyeshuka pwani na pembe ya ndovu begani, akatembea miezi miwili mitatu katika nchi zisizo zake, aliwakuta njiani Wazaramo na Wazigua ambao hawakuwa ndugu zake wala adui zake, bali watani wake: watu wenye ruhusa ya kumfanyia dhihaka na kumnyang'anya kitu kwa mzaha, lakini wenye faradhi, akifa mbali na jamaa zake, ya kumzika kana kwamba ni mtu wao. Dai langu ni kwamba faradhi hiyo ya njia kuu haijafutika, na kwamba mwenye haki ya kuidai leo kuliko wengine wote ni mahabusu wa Gereza la Uyui ambaye hajahukumiwa kwa kosa lolote, na ambaye kinachomweka ndani, aghalabu, si ushahidi bali ni kukosa mtu.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Njia hiyo hiyo iliyowaunganisha watani ilipitisha pia mateka waliofungwa shingo kwa shingo, na wako wenyeji wa Unyanyembe, nchi hii ya Tabora, waliotajirika kwa biashara ile. Hata nyumbani, mzee wa Kinyamwezi aliyeamua kesi kwa kutoza ng'ombe badala ya kumfungia mtu chumbani aliweza pia kumwona mkosaji asiye na cha kulipa akigeuka kuwa mali ya mwingine. Gereza, kwa hiyo, halikuingia katika nchi ya malaika. Lakini liliingia, na liliingia kwa bunduki: mtemi Siki wa Unyanyembe alipokwisha kushindwa mwezi Januari 1893, akajilipua kwa baruti katika ngome yake kuliko kukamatwa, Wajerumani walisimamisha utawala wao juu ya misingi miwili ambayo wazee hawakuisahau, nayo ni mnyororo wa wafungwa wanaofanya kazi barabarani na kiboko cha hamsa ishirini. Adhabu ya kumtenga mtu na watu wake tuliipokea kwa amri ya mgeni, tukaizoea, na sasa twaiona kuwa ni sehemu ya maumbile.

Mtu akamatwapo katika kijiji cha Kaliua au Sikonge kwa shitaka ambalo sheria yaruhusu dhamana, hakimu humtamkia kwamba dhamana i wazi, na kwa kutamka hivyo mahakama huwa imekwisha timiza wajibu wake. Kinachobaki ni masharti: wadhamini wawili, aghalabu, wenye barua ya serikali ya mtaa au ya mtendaji wa kijiji, vitambulisho, na pengine hati ya mali isiyohamishika. Mwenye ndugu mjini hupata vyote hivyo kabla ya adhuhuri. Mchungaji, kibarua wa tumbaku, au kijana aliyeshuka kwenye treni ya Kigoma akitafuta kazi, hupandishwa karandinga, akarudi baada ya siku kumi na nne kusikia kwamba upelelezi haujakamilika, akarudi tena, na tena, hata nauli ya mkewe ikaisha na ziara zake zikakoma.

Huyu ndiye ambaye hata huruma ya dola haimfikii. Rais John Magufuli alipowasamehe wafungwa 5,533 siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 2019, mjini Mwanza, nchi nzima ilishangilia, na ilistahili kushangilia. Lakini msamaha wa Rais humfaa aliyehukumiwa, maana yeye ana kifungo cha kupunguzwa. Mahabusu hana hatia ya kusamehewa, na kwa ajabu hiyo ya sheria hubaki ndani akimtazama mwenye hatia akitoka. Seuze walioshitakiwa kwa makosa ya kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kama unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji wa fedha, ambao hawana dhamana kabisa hata wangekuwa na wadhamini mia. Mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu iliamua, katika shauri la Dickson Sanga, kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Mwezi Agosti Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Kwa hiyo mlango huo haufunguliwi tena na mawakili peke yao. Utafunguliwa na Bunge, na Bunge husikia wapiga kura.

Tunafanya nini sisi raia? Twapeleka sabuni. Mwezi wa Ramadhani na siku za Krismasi hufika ujumbe getini na katoni za sabuni, mafuta na sukari, picha hupigwa, hotuba husomwa, na waliokuja huondoka na thawabu zao. Sibezi ihsani hiyo: Waislamu wameamrishwa kumlisha mateka, na Wakristo wameambiwa kwamba watahojiwa siku ya hukumu juu ya mfungwa ambaye hawakumtazama. Lakini sabuni huisha kwa juma moja, na haijapata kumdhamini mtu.

Kinachomwokoa mtu na jela ni watu walio nyuma yake. Mwaka 1958 ni mwaka ambao Tabora hujivunia, kwa sababu ya mkutano wa chama cha TANU wa mwezi Januari uliokubali kura tatu, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mwaka huo huo Julius Nyerere alipatikana na hatia ya kashfa kwa maandishi yake katika Sauti ya TANU, akapewa hiari ya faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa. Alikuwa na chama nyuma yake, naye hakwenda jela. Hiari ya namna ile hutolewa hadi leo katika mahakama zetu za mwanzo, na asiye na chama huchagua kifungo, ikiwa kuchagua ndiko huko.

Umoja wa watu wanyonge waweza kutenda makubwa kuliko kulipa faini. Jirani zetu Wakenya walishuhudia, tangu tarehe 28 Februari 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa wakikaa Uhuru Park mjini Nairobi pamoja na Wangari Maathai, wakigoma kula ili watoto wao waachiwe. Polisi waliwapiga tarehe 3 Machi, na baadhi ya kina mama wakavua nguo, laana ambayo hakuna askari aliyelelewa Afrika asiyeijua. Wakahamia katika kanisa la All Saints, wakakaa takriban mwaka mzima, na kufikia mwanzo wa 1993 wengi wa wafungwa hao walikuwa nje. Hawakuwa mawakili wale. Walikuwa wazazi waliokataa kwenda nyumbani.

Najua atakayeninyoshea kidole. Ni mfugaji wa Igunga au Nzega aliyeibiwa ng'ombe, naye ataniuliza kama nataka wezi warudi zizini kwake. Nchi yake ndiyo iliyotoa sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji wenye pinde na firimbi waliomtoza mwizi faini na kumtenga badala ya kumngojea polisi. Na walifaulu sana, ila waliwaonea pia vikongwe wenye macho mekundu kwa tuhuma za uchawi. Sitaki haki ya umati. Lakini serikali nayo haina sifa njema sana katika kuwatendea washukiwa: mapema mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu washukiwa wa mauaji ya wachawi walikufa mikononi mwa dola, Mwanza na Shinyanga. Mwenye kuibiwa anastahili ng'ombe wake, na kijana akiwa mahabusu miaka miwili hamlipi hata ndama. Tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, ambayo kwayo mwenye kosa la kifungo kisichozidi miaka mitatu aweza kufanya kazi ya umma akirudi kulala kwake, na tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliyowatambua wasaidizi wa kisheria. Zilizokosekana si sheria. Ni watu wa kuzisimamia.

Kwa hiyo nawaomba watu wa Tabora waunde kamati ya wadhamini. Iwe na watu wenye nyumba na majina yanayojulikana, walio tayari kusimama mbele ya hakimu kwa ajili ya mgeni baada ya kuulizia habari zake kijijini kwake. Iwe na mtu wa kuhudhuria kila kesi itajwapo, ili hakimu na mwendesha mashitaka waone kwamba mshitakiwa ana wenyewe. Iwe na mfuko mdogo wa nauli kwa anayetoka Uyui mikono mitupu. Na imwulize mbunge wake, kila ajapo kuomba kura, msimamo wake juu ya kifungu cha 148(5). Wako watakaotoroka, na mdhamini atahasirika. Hasara hiyo igawanywe na kamati nzima, isimwelemee mmoja. Jambo hili halihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Imamu, paroko, mchungaji wa Moravian na mwenyekiti wa mtaa wanaolisoma gazeti hili wanajuana. Na waitane juma hili.