Mtoto hana kosa, nyumba ndiyo imekosekana



Mwaka jana, katika majira ya mvua, baba mmoja wa parokia yetu alitolewa nyumbani pamoja na mke wake na watoto wanne. Kazi yake ilikuwa imekwisha, na kodi ya miezi mitano haikulipwa. Walilala siku tisa katika baraza ya shule, vyombo vyao vimefunikwa kwa hema. Wakristu wema walileta unga na mafuta. Kisha tukakutana chini ya mwembe kushauriana, na mzee mmoja mwenye heshima akasema: «Tuwapeleke wadogo wawili kwenye nyumba ya mayatima. Kule watakula, watasoma.» Wote tukaitika. Mimi pia niliitika.

Mama yao alikuwa amekaa pembeni. Akauliza neno moja tu: «Baba zangu, wana wangu ni mayatima wa nani?»

Hatukumjibu. Watoto wakaenda. Masista waliwatunza vizuri sana, wala siwalaumu hata kidogo. Baada ya miezi saba baba akapata nyumba, wakarudi; na yule mdogo kabisa, alipomwona mama yake mlangoni, akajificha nyuma ya Sista.

Naandika haya kwa sababu neno tulilosema chini ya mwembe linasemwa pia katika ofisi za Leta na katika mikutano ya wafadhili. Nalo ni neno baya, hata likisemwa na watu wema.

Tutazame vema. Watoto wale hawakupigwa. Hawakutupwa. Baba hakuwa mlevi, wala mama hakuwa mkatili. Kilichokosekana ni paa. Mtu akiwa na homa, mganga hamkati mguu. Basi, mtu akikosa paa, mbona sisi tunamwondolea watoto?

Sasa tufanye hesabu. Nyumba waliyoipata ilikuwa ya dola 30 kwa mwezi. Mwenye nyumba alidai garanti ya miezi sita, ingawa sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupanga nyumba inakataza garanti ya nyumba ya kukaa ipite miezi mitatu. Miezi sita ni dola 180. Ndizo zilizomtenga mama na wanawe miezi saba. Lakini kitanda, chakula, mpishi, mlinzi wa usiku, dawa na masomo ya watoto wawili kwa miezi hiyo saba, je, vilitoka mbinguni? Fedha zilikuwapo. Zilikuwapo kwa kuwatoa watoto nyumbani. Za kuwaacha nyumbani hazikuwapo.

Msidhani ugonjwa huu ni wa Kongo peke yake. Katika Marekani, nchi yenye mali nyingi, kwa miaka mingi serikali imewarudishia majimbo sehemu ya gharama kwa kila mtoto anayestahili aliyewekwa kwa walezi. Mlango wa fedha hizo uko wazi: watoto wakiongezeka, fedha zinaongezeka. Mwaka 1990 Bunge lao lilianzisha mpango mwingine wa kuunganisha familia. Ofisi ya watoto ikishuhudia kwamba familia iko karibu kunyang'anywa watoto, au haiwezi kurudishiwa watoto wake, hasa kwa kukosa nyumba inayofaa, ofisi ya nyumba inaipa hati. Kwa hati hiyo familia hulipa karibu sehemu 30 kwa 100 za mapato yake, na serikali humlipa mwenye nyumba kiasi kinachobaki, kwa kipimo kilichowekwa. Ni mpango mzuri. Lakini mlango wake ni mwembamba: hati zina hesabu, zikiisha zimeisha. Na sheria yao ya mwaka 2018, iliyoruhusu fedha za walezi zitumike pia kuzuia watoto wasiondolewe, ilitaja matibabu ya akili, matibabu ya ulevi na mafundisho ya malezi. Kodi ya nyumba haikuwekwa humo.

Hata hivyo Wamarekani walipima jambo hili kwa uangalifu. Tangu mwaka 2010 walichukua familia 2,282 zisizo na makao, katika miji na wilaya 12, wakazigawa kwa kura. Nyingine zilipewa msaada wa kodi wa muda mrefu, nyingine ziliachwa zijitafutie kwa njia za kawaida. Baada ya miezi 20, zile zilizosaidiwa kodi zilitengana na watoto wao mara chache zaidi, na hata ugomvi wa kupigana nyumbani ulipungua. Nisifiche: msaada ule haukuwa rahisi kwa fedha, kwani baada ya miaka mitatu ulizidi kidogo gharama za njia za kawaida. Lakini ni nani atakayesema kwamba fedha hizo zilipotea?

Turudi kwetu. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 48, inatambua haki ya nyumba inayofaa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inasema mtoto ana haki ya kukaa na baba na mama yake. Inasema pia kwamba watoto ambao wazazi wao hawana uwezo wa kuwatunza wana haki ya kusaidiwa na Leta. Maneno hayo ni mazuri. Lakini mama yule wa barazani angeyapeleka maneno hayo kwenye dirisha gani, ili alipiwe garanti?

Nimesikia majibu ya wapinzani. Wa kwanza asema: «Leta haina fedha.» Hata zamani za ukoloni Leta iliona ya kuwa kujenga nyumba za watu ni kazi yake: mwaka 1952 iliunda ofisi ya kujenga nyumba za Waafrika, na mitaa kama Matete na Bandalungwa kule Kinshasa ni kazi yake. Walijenga kwa faida yao, tena katika miji iliyotenga watu kwa rangi. Je, Leta yetu wenyewe ishindwe kulipa garanti ya miezi mitatu?

Wa pili asema: «Mkiwalipia watu nyumba, mtawafanya wavivu.» Mtu asiye na mahali pa kulala hatafuti kazi, anatafuta mahali pa kulala. Na mtoto wa miaka minne, yeye tumwadhibu kwa uvivu wa nani?

Wa tatu asema: «Hiyo ni kazi ya ukoo.» Ndiyo, na ukoo umeibeba kazi hiyo siku zote. Lakini shangazi mwenye chumba kimoja na watu tisa ndani, mwataka awalaze wapi wengine sita?

Wa nne asema: «Misioni itawalea.» Hapa sisi Wakatoliki tuseme kwa unyenyekevu. Wakati wa ukoloni, Leta ya Wabelgiji iliwatoa watoto machotara kwa mama zao, ikawaweka katika misioni. Sababu yake ilikuwa rangi, haikuwa kodi. Siyachanganyi mambo hayo mawili. Lakini tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Bruxelles iliamua kwamba kuwatoa hivyo wanawake watano, walipokuwa watoto wadogo, kulikuwa kosa juu ya ubinadamu. Walikuwa na paa la misioni juu ya vichwa vyao. Bado wamelia miaka 70.

Wapo watoto wanaopaswa kuondolewa: yule anayepigwa, yule anayechafuliwa, yule anayetishwa kwa jina la uchawi. Kwa hao nyumba za Masista ni wokovu. Ndiyo sababu vitanda vyao visijazwe na watoto wenye baba na mama.

Papa Pius XI, katika barua yake ya mwaka 1930 juu ya ndoa, alifundisha kwamba watawala wasiache familia maskini bila nyumba zinazofaa. Na Hati ya Haki za Familia, iliyotolewa na Vatikano mwaka 1983, inaitaja nyumba kuwa haki.

Basi tudai mambo matatu. Kwanza, bajeti ya mambo ya jamii katika kila jimbo la nchi iwe na fungu la garanti na la kodi ya miezi michache, lilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, kwa ushuhuda wa asistanti sosiali aliyeitembelea familia. Pili, kabla ya tribinali ya watoto kumtoa mtoto, iulize: kama kodi ingelipwa, mtoto huyu angebaki kwao? Jibu likiwa ndiyo, kodi ilipwe. Tatu, garanti isipite miezi mitatu, kama sheria isemavyo, na anayezidisha aitwe kujibu.

Nasi wa parokia, tukiitwa tena chini ya mwembe, kabla ya kutaja nyumba ya mayatima tumwulize mama: «Unadaiwa kiasi gani?»