Ukiandika Kiswahili mtandaoni, unabaki Mkisii mzima au unageuka kichekesho?

Chukua mfano huu, maana umeuona mara nyingi. Kuna mjadala mtandaoni kuhusu bonasi ya majani chai: kwa nini mkulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa, Kisii na Nyamira zikiwemo, hulalamika kwamba analipwa kidogo kuliko mwenzake wa Mlima Kenya. Kijana kutoka Kebirigo anaingia. Hii stori anaijua kuliko wengi, kwa sababu chai ndiyo iliyomlipia karo. Anaandika aya nzima kwa Kiswahili. Anataja bei ya mbolea, anataja pesa za wachumaji. Lakini katikati ameandika "kasi ya shamba" na "mkulima harari".

Dakika tano baadaye, chai imesahaulika. Kuna vicheko, kuna wa kumwambia arudi darasa la nne, na kuna aliyepiga picha ya skrini kuipeleka kwa grupu nyingine ichekwe huko pia. Kijana anafuta komenti yake. Sisi tuliokuwa tukisoma tumekosa kujua jambo ambalo yeye pekee alikuwa tayari kutuambia.

Wengi watakwambia hilo ni suala la sarufi. Mtu ajifunze Kiswahili, yaishe. Mimi nadhani kuna jambo zito zaidi ya sarufi, nalo linakuhusu hata kama Kiswahili chako kimenyooka. Jiulize: ukihama kutoka lugha ya nyumbani na kuanza kuandika kwa lugha ya pili, unabaki wewe yule yule?

Lugha tatu, watu watatu

Sensa ya 2019 ilihesabu Abagusii 2,703,235 nchini. Mwaka huo huo Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Piga hesabu. Hata kama kila mkazi wa kaunti hizo mbili angekuwa Mgusii, bado zaidi ya 800,000 wangebaki, na hao wanaishi kwingineko Kenya. Ongeza waliovuka bahari, kwa mfano wale wa Minnesota, Marekani, ambako kuna jamii kubwa ya watu kutoka Gusii. Kwa hawa wote, simu ndiyo baraza lao, na mambo ya ushago huamuliwa humo.

Sasa fungua simu yako uangalie jinsi unavyoandika. Kwa grupu ya WhatsApp ya familia ni Ekegusii, labda na Kiswahili kidogo. Asubuhi mtu anasalimu "bwakire buya". Kuna mchango wa matanga, kuna mgogoro wa shamba, kuna shangazi anayeonya vijana, kuna binamu anayeomba msamaha. Humo ndani wewe ni mtu kamili: unashauri, unaomboleza, unabishana, unanyenyekea mbele ya omogaka au omong'ina.

Nenda LinkedIn. Hapo ni Kiingereza, na umekuwa barua ya kuomba kazi. Hakuna kosa, hakuna ucheshi, hakuna kwenu.

Kisha nenda TikTok au X, kwa Kiswahili na Sheng. Hapo Mkisii anayeonekana ni nani? Ni yule wa ndizi, wa hasira za karibu, wa uchawi, wa lafudhi nzito. Ukitaka likes, huyo ndiye anayeuzika. Ukikataa kumcheza, mara nyingi unanyamaza tu.

Hapo ndipo penye shida. Lugha ya pili inatufikisha kwa hadhira kubwa zaidi, lakini tunapofika tunapewa majukumu mawili pekee: kuchekesha au kukaa kimya.

"Kosa" lina asili yake

Turudi kwa ile "kasi" na "harari", kwa sababu watu hucheka wakidhani huo ni ujinga. Ekegusii katika maneno yake ya asili hakina sauti z, wala p, f, v, h, sh, wala l. Mtu aliyekua na lugha hiyo akikutana na z, ulimi unatafuta jirani wa karibu, ambaye ni s. Na mtu huandika anavyosikia. Mwarabu naye hana p, Mjapani hatofautishi l na r, na hakuna anayesema mataifa hayo hayana akili.

Upande wa pili, kulala kwa Ekegusii ni korara. Yaani "rara" ni neno zima, ndugu wa damu wa "lala", kwa sababu lugha zote mbili ni za Kibantu. Yule kijana amechukua neno la nyumbani akalivalisha kanusho la Kiswahili. Kuna sauti mbili hapo, na ukiwa na subira utazisikia zote.

Lugha hizi ndugu pia zina mitego yake. Kwa Ekegusii, baba ni mama mzazi, na tata ndiye baba. Siku ya Akina Mama, Mgusii akiandika kwa mapenzi yote "baba, mbuya mono", mtu wa Mombasa atadhani anamshukuru mzee. Wewe unaweza kucheka hiyo, na ni sawa, inachekesha kweli. Lakini ona tofauti: hapa unacheka kwa sababu umeelezwa na umejifunza kitu. Kule kwa mjadala wa chai, watu walicheka ili mtu aondoke.

Aibu hii haikuanzia mtandaoni. Wengi wetu tulipitia shule ambako ukipatikana ukiongea lugha ya mama unavalishwa diski shingoni, na njia ya kuivua ni kumnasa mwenzako. Hilo lilifanyika ilhali ripoti ya Gachathi ya 1976 ilikuwa imependekeza watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, Kiswahili kikawa cha lazima na cha kutahiniwa. Hilo lilikisaidia sana, lakini pia lilitufanya wengi tukijue kama somo lenye alama nyekundu. Tulifundishwa kukiogopa kabla ya kufundishwa kukitumia. Leo anayekushika kwa komenti anakuvalisha ile diski ya zamani.

Mchezo huu una bei

Utasema, si ni jokes tu? Wakenya tumelelewa na vichekesho vya lafudhi. Kundi la Redykyulass, la Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, lilimwigiza hadi Rais Moi, na Mong'are mwenyewe ni wa huku Gusii. Kweli kabisa. Lakini wao walimcheka mwenye nguvu wakati wa kumcheka ukihitaji roho ngumu. Kumcheka mtoto wa mkulima aliyekosea herufi hakuhitaji ujasiri wowote.

Kisha kuna ule utani wa uchawi. Kila Mkisii mtandaoni ameulizwa kama anaroga, na wengi wetu tumejibu "chunga sana" na emoji ya mwezi, stori ikaendelea. Ila Oktoba 2021, huko Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati wa watu wakituhumiwa kuwa wachawi. Sisemi aliyeposti utani ndiye aliyeua. Nasema kwamba nchi ikishazoea kulisikia jina la watu fulani likiandamana na uchawi kila siku, inapunguza mshtuko pale mtu anapouawa kwa neno hilo hilo. Na sisi tunaocheza huyo mhusika kwa ajili ya likes tunasaidia kumkuza.

Lakini tusijifanye malaika. Kuna wanaojificha ndani ya lugha ya mama ili watukane makabila mengine, wakijua wengi hawataelewa. Aprili 2022, kabla ya uchaguzi, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya kuchunga, "madoadoa" likiwemo. Kutetea haki ya kuandika kwa lugha yako hakumaanishi kutetea chochote unachoandika kwayo.

Ekegusii nacho kipewe kazi

Dawa si kukimbia Kiswahili na kujifungia kwa grupu ya familia. Wala si kuacha Ekegusii kibaki cha matanga na vichekesho. Juni 2024, wakati wa mjadala wa Mswada wa Fedha, vijana kote nchini waliueleza mswada huo kwa video fupi katika lugha mbalimbali za mama. Ghafla nyanya wa ushago akaelewa kodi ambayo waheshimiwa walikuwa wakiizungumzia kwa Kiingereza. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Watu walilipa gharama kubwa, wengine kwa maisha yao. Ila somo moja la lugha lilibaki wazi: lugha ya nyumbani inaweza kubeba hoja nzito bila kuvunjika.

Katiba ya 2010 iko upande wako. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali ikuze lugha za kiasili, na Kifungu cha 44 kinakupa haki ya kutumia lugha uitakayo. Lakini Katiba haiwezi kukuandikia posti. Bajeti ya kaunti inapotolewa, imejaa Kiingereza cha ofisini. Nani anaieleza kwa Ekegusii kwa mama wa Daraja Mbili anayelipa ushuru wa soko kila siku? Redio kama Egesa FM hufanya sehemu yake, lakini maneno ya redio hupita na upepo. Maandishi hubaki, na yanaweza kutafutwa.

Kubaki huko kuna maana kubwa sasa kuliko zamani. Juni 2024 Google ilitangaza kuongeza lugha 110 kwa huduma yake ya kutafsiri. Majirani zetu Wajaluo walikiona Dholuo humo. Ekegusii hakikuwemo. Mashine hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo. Lugha ambayo watu wake wanaiongea sana lakini wanaiandikia vicheko pekee inaipa mashine vicheko pekee. Na usingoje mpaka watu wakubaliane kuhusu tahajia. Ekegusii kina irabu saba na tunaziandika kwa herufi tano, na Kirogoro cha Nyamira hakifanani kwa kila kitu na Kimaate cha Mugirango Kusini. Andika cha kwenu. Tutaelewana.

Kukosoa na kuzima ni vitu viwili

Walimu wa Kiswahili watauliza: je, ngeli tuzitupe? Hapana. Ukiandika barua ya kazi, insha ya KCSE au makala ya gazeti, andika Kiswahili sanifu, na ujifunze kwa bidii. Ken Walibora, aliyeaga dunia 2020, alitoka kaunti ya Bungoma, ambako lugha ya nyumbani kwa wengi ni Lubukusu, si Kiswahili. Bado riwaya yake ya Siku Njema, ya 1996, iliwafanya Wakenya wengi wakipende Kiswahili. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alikwenda upande wa pili: Kiswahili ndicho cha nyumbani, Kiingereza ndicho alichoandikia, na 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Wote wawili waliifahamu vizuri lugha ya pili, na hawakuacha kwao mlangoni walipoingia humo.

Hicho ndicho ninachokuomba. Ingia kwa Kiswahili na mtu wako wote: yule anayejua bei ya mbolea, anayejua kuomboleza, anayejua kuheshimu wazee, anayejua pia kuchekesha. Ukitumia neno la Ekegusii kwa sababu Kiswahili hakina linalotosha, liache hapo hapo na ulieleze. Usiombe radhi kabla ya kuzungumza, ile ya "samahani Kiswahili changu ni kibovu". Ukishaomba radhi, umewaambia watu wasome makosa kwanza.

Na wewe uliyelelewa Nairobi au Pwani, ambaye Kiswahili kinakutoka bila jasho, una kazi rahisi zaidi. Ukiona kosa, jibu hoja kwanza. Kama lazima urekebishe, mwandikie inbox, kwa adabu, kama ambavyo ungetaka mtu akurekebishe siku utakapojaribu kuandika Ekegusii. Na ukiona wengine wameanza kushika mtu kwa "kushrub", rudisha swali mezani: bonasi ilikuwa ngapi, na nani aliyekula tofauti?