Mwalimu wa Hesabu Aliyekwenda Kutunza Vitabu

Katika mwezi wa Januari, mwaka wa 1924, mwalimu mmoja wa hesabu katika mji wa Madras, kusini ya Bara Hindi, aliweka chaki chini akaenda kushika kazi ambayo moyo wake haukuitaka. Jina lake lilikuwa Shiyali Ramamrita Ranganathan, na umri wake ulikuwa miaka 31. Kazi yenyewe ilikuwa kutunza maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras, mji ambao siku hizi huitwa Chennai. Leo watunza maktaba wa nchi nyingi humtaja kwa heshima, lakini mwanzo wake haukuwa na fahari yo yote, na mtu aliyepata kubadilisha kazi akajuta kabla ya mwezi kwisha ataufahamu vizuri.

Alizaliwa mwaka wa 1892. Alisoma katika Chuo cha Kikristo cha Madras, akapata shahada ya juu ya hesabu, kisha akasomea ualimu. Alikuwa na kigugumizi, na kwa mtu anayetaka kusimama mbele ya darasa hilo si jambo dogo. Lakini alijizoeza mpaka ulimi ukamtii. Akafundisha Mangalore, kisha Coimbatore, na mwisho Madras kwenyewe. Ualimu aliupenda. Lililokuwa taabu ni mshahara, na Chuo Kikuu kilipotangaza nafasi ya mtunza maktaba kwa malipo yaliyopita yale ya mwalimu, wenzake walimhimiza apeleke barua. Akaipeleka, na baadaye akaisahau kabisa.

Watu kama 900 waliiomba nafasi ile, wala hapakuwa na hata mmoja aliyefundishwa kazi ya maktaba. Ranganathan naye hakuijua. Siku chache kabla ya kuitwa mbele ya wakubwa alifungua Encyclopaedia Britannica akasoma habari za maktaba, na elimu yake yote ya kazi hiyo ilikuwa ni hiyo. Akachaguliwa, na yeye mwenyewe alistaajabu.

Basi akaingia kazini, na upweke ukamshinda. Mtu aliyezoea vijana wanaouliza na kubisha sasa alikuwa amekaa kimya katikati ya vitabu, na wasomaji wakija mmoja mmoja. Hazikupita wiki nyingi akarudi kwa wakubwa wa Chuo Kikuu kuwasihi wamrudishie darasa lake. Wakubwa hawakumkaripia, wala hawakumkubalia mara moja. Walimpa shauri: aende kwanza Uingereza akajifunze kazi ya maktaba inavyofanywa huko, na akirudi akiwa bado anaichukia, nafasi ya kufundisha hesabu itamngojea. Shauri hilo lilikuwa la busara sana, kwa maana walitambua kwamba mtu huyu alikuwa hajaichukia kazi, alikuwa hajaiona.

Katika Chuo Kikuu cha London palikuwa na shule ya watunza maktaba, na mmoja wa walimu wake alikuwa W. C. Berwick Sayers, mkuu wa maktaba ya mji wa Croydon. Ranganathan hakung'aa katika mitihani. Alipita kwa shida. Lakini alitembea, akazizuru maktaba zaidi ya mia, na huko akaona jambo ambalo hakuliona nyumbani. Aliona maktaba zilizofunguliwa kwa watu wote, watoto na wazee, mafundi na akina mama, kila mmoja akija kuchukua kitabu kama vile mtu aendavyo kisimani kuteka maji. Kumbe kazi ile haikuwa kulinda makabati. Ilikuwa ualimu wa namna nyingine, ambao darasa lake ni mji mzima.

Jambo la pili alilikuta dukani. Katika duka la Selfridges mjini London alimwona mtu akionyesha mchezo wa watoto uitwao Meccano: vipande vya chuma vyenye matundu, pamoja na skrubu na nati zake. Kwa vipande vile vile mtu yule aliunda kitu kimoja, akakifungua, akaunda kingine. Ranganathan akapata alichokuwa akikitafuta. Mpango uliotumika katika maktaba nyingi wakati ule, uliotungwa na Mmarekani Melvil Dewey na kuchapishwa mwaka wa 1876, uliyagawa maarifa katika vyumba kumi na vyumba vidogo ndani yake, na kila kitabu kilitafutiwa chumba kilichokwisha kuandaliwa. Lakini vitabu vingi havikai katika chumba kimoja. Mkulima akitaka kitabu juu ya dawa ya ugonjwa wa mahindi katika Kenya, kitabu hicho kina zao ndani yake, kina ugonjwa, kina tiba, na kina nchi. Ranganathan aliona ya kuwa yafaa kila kipande kipewe alama yake, kisha mtunza maktaba aviunganishe kama vile vyuma vya mchezo, kwa kadiri kitabu kinavyotaka. Kiungo alichokichagua kilikuwa alama ya nukta mbili, na mpango wake ukaitwa kwa jina la alama hiyo. Alianza kuutunga akiwa Uingereza, akauendeleza melini njiani kurudi kwao, na mwaka wa 1933 ukatoka kitabuni.

Alifika Madras mwaka wa 1925. Ile nafasi ya kufundisha hesabu hakuiulizia tena.

Kazi aliyoifanya tangu hapo ni nyingi mno kuelezwa yote. Aliwafungulia wasomaji rafu ili wajichagulie vitabu kwa mikono yao. Mwaka wa 1928 alishiriki katika kuanzisha chama cha maktaba cha Madras, na mwaka uliofuata mafunzo ya watunza maktaba yakaanza chini yake. Mwaka wa 1931 alitoa kitabu cha sheria tano za kazi hiyo, na ya kwanza katika hizo ni kwamba kitabu kimefanywa kipate kutumika. Mtu aweza kucheka akisema hilo hata mtoto analijua. Lakini na atazame ofisi nyingi zilivyo: vitabu vimepangwa safi, kabati limefungwa, na karani ameweka ufunguo mfukoni ili hesabu iwe kamili siku ya ukaguzi. Karani huyo hana kosa mbele ya mkubwa wake. Kosa lake ni mbele ya yule aliyekuja kuomba kitabu akarudi mikono mitupu. Kwa sheria hiyo moja Ranganathan alihoji mahali maktaba inapojengwa, saa zake za kufunguliwa, urefu wa rafu zake, hata tabia ya mtu anayeketi mlangoni.

Mwaka huo huo wa 1931, katika wilaya ya Mannargudi, lilianza gari la maksai lililobeba vitabu likizunguka vijijini, na Ranganathan alikuwa miongoni mwa walioliunga mkono. Mkulima hakuhitaji kwenda mjini, maktaba ilimfuata. Wasomaji wa Kenya hawatalishangaa jambo hilo, maana tangu mwaka wa 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa imepeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji wa upande wa Garissa. Na katika mwaka ule ule wa gari la maksai, mjini Nairobi ilifunguliwa Maktaba ya McMillan, yenye nguzo nzuri na simba wa mawe, na kwa miaka mingi baadaye Mwafrika hakuruhusiwa kuketi humo na kusoma.

Liko jambo moja katika maisha ya Ranganathan ambalo watu hulisifu, na pengine halistahili sifa zote hizo. Yasemekana alifanya kazi saa 13 kila siku, siku zote saba za wiki, na katika miaka yake ishirini ya Madras hakuchukua likizo. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka wa 1928. Alipooa tena, alasiri ya siku ya arusi yake alirudi maktabani. Bibi arusi jina lake lilikuwa Sarada. Bidii ni kitu chema, lakini nyumba nayo ni kazi, na mtu asiyejua kuifunga ofisi huwafanya walio chini yake waone haya kuifunga.

Wala bidii ile haikumlinda. Mkuu mpya wa Chuo Kikuu alipokuja hawakupatana, na mwaka wa 1945 Ranganathan aliiacha maktaba aliyoijenga. Alikuwa amekusudia kupumzika na kuandika, lakini Chuo Kikuu cha Kihindu cha Banaras kilimwita kitengeneze maktaba yake. Huko hakuwa na wasaidizi waliofundishwa, basi katika muda wa miaka miwili alivipanga vitabu kama laki moja kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka wa 1947 alikwenda Delhi kufundisha, na mwaka uliofuata Serikali ya Madras ilipitisha sheria ya maktaba za watu wote, ya kwanza ya namna hiyo katika India huru, ambayo yeye alikuwa ameipigania kwa miaka mingi. Baadaye alikaa kwa muda mjini Zurich, na mwisho akahamia Bangalore, alikofariki mwaka wa 1972.

Katika miaka ya 1950 alitoa akiba yake ya maisha, rupia laki moja, ili pawe na kiti cha profesa wa elimu ya maktaba. Fedha hizo alizipeleka Chuo Kikuu cha Madras, kile kile alichotoka kwa uchungu, na kiti kile kikapewa jina la Sarada.