Maziwa Si Kipimo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme jambo lililonikaa kifuani muda mrefu. Najua ya kuwa baadhi ya wenzangu hawatapendezwa nalo, kwa kuwa lawama yake yatuangukia sisi makarani kabla ya kuwafikia wakubwa zetu.

Katika bohari moja niliyopata kuitumikia, ambayo sitaitaja jina, mlikuwa na daftari la maziwa. Kila Ijumaa wapulizaji wa dawa za wadudu na wapakuzi walipanga mstari, kila mtu akapokea pakiti yake, akatia sahihi au dole gumba, nami nikafunga hesabu kwa wino mwekundu. Kwa miaka minne haikupungua hata pakiti moja, na mkaguzi wa hesabu alipokuja alilisifu daftari lile. Walakini hapakuwa na daftari lo lote lililoonyesha hali ya damu ya watu wale, wala pumzi zao, wala ngozi za mikono yao. Tulijua idadi ya maziwa yaliyoingia tumboni, wala hatukujua kiasi cha sumu iliyoingia mwilini.

Mzee mmoja wa mstari ule alianza kutetemeka mikono, hata kalamu ikamshinda. Alipostaafu akaomba fidia. Barua ikarudi ikiuliza swali moja tu: alipoanza kazi hali yake ilikuwaje? Tukatafuta kabatini tukakuta sahihi zake mia mbili za maziwa, na cheti cha afya hata kimoja hatukukuta. Mimi ndimi niliyeandika jibu la kwamba kumbukumbu hazipo. Barua ile ilikuwa safi, haina kosa la herufi, nami naionea haya hata leo.

Enyi wenzangu, na tuyapime maziwa haya kwa akili. Vumbi la mkonge na mvuke wa zebaki huingia kwa pumzi, hupita mapafuni. Dawa nyingi za wadudu hupenya ngozini. Je, maziwa yashukayo tumboni yatazikuta wapi? Tena zipo dawa ziyeyukazo katika mafuta, na mtu aliyezimeza hukatazwa na matabibu kunywa maziwa, yasije yakazisaidia kuingia mwilini. Maziwa ni chakula chema, nami simnyimi mtu. Lakini chakula si kinga, wala si kipimo. Mwajiri atoaye maziwa na kuacha vipimo amenunua ukimya wa watu kwa bei ndogo.

Ugonjwa wa kazi haukuanza jana. Mwaka 1700 tabibu wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, alichapa kitabu juu ya maradhi ya mafundi, akawaagiza matabibu wamwulize mgonjwa swali moja zaidi: unafanya kazi gani? Imepita zaidi ya miaka mia tatu. Nendeni leo mkasome madaftari ya wagonjwa, mwone ni wangapi walioandikwa “mkulima” tu, hali mmoja hupuliza dawa na wa pili husimama mchana kutwa katika chumba cha brashi. Mwandishi wa neno lile “mkulima” ni nani, kama si karani?

Wilaya zetu zilipaswa kuwa mwalimu wa nchi nzima katika jambo hili. Mkonge uliletwa pwani yetu mwaka 1893 na Dkt. Richard Hindorf, ukaenea mpaka Korogwe, na vizazi vya watu vimepitia Ngombezi, Magunga na Hale. Manamba wa zamani walikaguliwa na daktari kabla ya kupelekwa shambani, ijulikane kama mikono yao yatosha kukata majani. Hayo yalikuwa makaguzi ya mnunuzi wa ng'ombe. Yalitazama mtu atafaa nini kazini, hayakutazama kazi imemfanya nini mtu. Mwaka 2007 na 2008 Dkt. Akwilina Kayumba na wenzake wa hapa na wa Norway walitoa maandiko yao juu ya viwanda vya mkonge vya Tanzania. Waliwatazama watu wa brashi, penye vumbi kavu, na watu wa korona, penye majimaji, wakawalinganisha na walinzi. Wakaona kikohozi na matatizo ya kifua yamewaelemea watu wa mashine. Basi hakuna awezaye kusema hatukuambiwa.

Upande wa Handeni dhahabu nayo imeleta zebaki. Mchimbaji mdogo huichanganya na mchanga wa dhahabu kisha huichoma motoni, na mvuke wake huvutwa na yeye, na mkewe, na mtoto aliye karibu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, wataka matumizi haya yapunguzwe, na inapowezekana yakomeshwe. Lakini mkataba haupimi mkojo wa mtu; lazima apatikane wa kuupima.

Na vipimo vyenyewe si miujiza. Mpulizaji wa dawa za jamii ya ogano-fosfeti hupimwa damu kabla ya msimu, ijulikane kiasi cha kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi; kisha hupimwa tena kazi ikiendelea, na kikishuka sana huondolewa penye dawa mpaka kipande. Mtu wa vumbi hupuliza katika chombo cha kupima pumzi, na mtu wa zebaki hutoa mkojo. Nguvu ya kazi hii yote i katika kipimo cha kwanza. Pasipo hicho, cha pili ni namba tupu, kwa maana hakuna cha kuilinganisha nacho.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, iliyochukua mahali pa Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, yataka uchunguzi wa afya kabla ya mtu kuanza kazi, na uchunguzi wa vipindi awapo kazini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, hupokea michango ya waajiri wa Serikali na wa watu binafsi pia, na hulipa kwa ugonjwa utokanao na kazi. Mlango basi uko wazi. Kinachokosekana ni karatasi ya kuingilia, na karatasi ni kazi yetu.

Nasikia watu wa aina mbili wakinipinga. Wa kwanza husema vipimo ni ghali. Namwuliza: gharama ya nani? Mtu akiharibika mapafu, bei hulipwa vile vile, ila hulipwa na mkewe, kwa kuuza mbuzi na shamba. Wa pili ni mfanyakazi mwenyewe, asemaye vipimo ni mtego wa kumfukuza. Huyu simcheki, maana hofu yake ina sababu. Ndiyo maana matokeo yapasa kuwa siri ya daktari na mpimwa, na mwajiri aambiwe neno moja tu: anafaa kwa kazi hii, au ahamishiwe nyingine bila kupunguziwa mshahara. Lakini nimkumbushe ndugu yangu: mficha maradhi kifo humuumbua.

Wala asijidanganye mtu ya kuwa kupima ndiko kuponya. Kipimo ni kengele. Ikilia, lazima vumbi lifyonzwe, dawa kali ibadilishwe na iliyo nafuu, na mtu apewe barakoa ifaayo badala ya kitambaa cha kanga.

Naleta mbele ya Chama mambo manne. Mosi, katika kila ofisi yenye dawa, vumbi au zebaki, mwanachama asitie sahihi ya kuanza kazi kabla ya kipimo cha kwanza. Pili, vipimo virudiwe kwa vipindi na mtu aachapo kazi, naye apewe nakala mkononi. Tatu, daftari la afya litunzwe hata baada ya mtu kuondoka. Uingereza huagizwa litunzwe miaka 40, kwa kuwa maradhi mengine huchelewa kujitokeza. Nne, karani ye yote asiandike kamwe ya kwamba “wafanyakazi wote wana hali njema” pasipo cheti cha daktari mbele yake.

Hili la nne halihitaji fedha, wala ruhusa, wala mkutano. Lataka kalamu ikatae mara moja. Sisi tuliotunza pakiti za maziwa bila kosa kwa miaka minne hatuwezi kusema hatujui kutunza daftari.

Wasalaam,

Karani wa Bohari,
Korogwe.